Mshika Vibao

Kazi yangu ni kukaa mlangoni. Kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwangu wameandika cheo kirefu, lakini ukweli ni huo: nina meza, nina simu, nina ua la plastiki, napokea wageni na kuwaambia wasubiri. Kampuni yetu inatengeneza rangi za kupaka nyumba. Kiwanda kiko nyuma, ofisi ziko juu, na mimi niko hapa chini ambapo hakuna anayeingia wala kutoka nisimwone. Wapo wanaodhani mimi na lile ua ni kitu kimoja. Waache wadhani.

Kila mwaka chuo kikuu hutuletea mwanafunzi mmoja akae nasi mwaka mzima, ajifunze kazi. Na kila mwanafunzi, awe wa kike awe wa kiume, hapa huitwa Mafunzo. "Mafunzo, lete maji ya kunywa." "Mafunzo, katoe nakala." Mwaka ukiisha anaondoka, anakuja mwingine, na jina linamsubiri mlangoni kama koti la mlinzi wa zamu. Huyu ninayemsimulia alikuwa binti wa kemia, mwembamba, mwenye shingo ndefu, viatu vyake vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Nilipomweleza habari ya jina alicheka, akaniambia nyumbani ameshaitwa mabaya zaidi ya hilo. Nikampenda papo hapo.

Mama yake ni fundi cherehani aliyemlea peke yake. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa masomo, na alama zake nyingi zilikuwa mikononi mwetu. Akipata alama nzuri kwetu, anavaa joho. Akifelishwa, anarudia mwaka mzima, mahali pengine, na Mafunzo wengine. Hilo alilijua yeye, mama yake alilijua, na bahati mbaya alilijua pia Mzee Jicho.

Mzee Jicho ndiye mkuu wa idara ya ubora. Anaitwa Jicho kwa sababu inasemekana jicho lake halikosei rangi. Nani alianza kusema hivyo sijui, lakini nina wasiwasi ni yeye mwenyewe. Kila Alhamisi kuna kikao cha rangi kwenye chumba cha mikutano cha juu. Hapo huletwa vibao viwili, ukubwa wa sinia: kimoja kimepakwa rangi tuliyotengeneza zamani, kingine rangi mpya iliyotoka kiwandani, na kazi ya kikao ni kuangalia kama rangi hizo ni moja. Chumba hicho kina dirisha kubwa, lakini mapazia yake hayafunguliwi. Zamani jua lilikuwa linapiga kwenye skrini ya ukutani, watu wakalalamika, mapazia yakafungwa. Skrini iliharibika, ikaondolewa. Mapazia yakabaki yamefungwa, na vikao vyote vinafanyika chini ya taa zile ndefu nyeupe zinazomfanya kila mtu aonekane ametoka kuugua malaria.

Mafunzo ndiye hushika vibao. Anasimama mbele, kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto, kimya. Mzee Jicho anakunja uso, anasogea, anarudi nyuma, anakohoa kidogo, kisha anasema, "Imepita." Wakuu wengine wanaitikia kwa vichwa. Na Bwana Sawa, ambaye ndiye aliyepewa kumsimamia yule binti kazini, anasema neno lake moja analolisema kwa kila jambo. Ndipo rangi inapakiwa kwenye ndoo na kuuzwa.

Binti alishika vibao miezi mingi. Maabara alikoroga, akapima, akaosha vyombo vya watu wazima wenzake, na Alhamisi akapanda juu kuwa ukuta wa kutundikia. Sikumsikia akilalamika. Alikuwa anakuja kula chakula chake kwenye kibenchi cha wageni, ananisimulia mambo ya chuo, mimi namsimulia ya ofisini, tunacheka hadi mlinzi anachungulia kuona kuna nini.

Siku moja baada ya kikao alishuka na vibao vyake, akaviegemeza ukutani karibu na mlango wa kioo ili afunge kamba ya kiatu. Nikavitazama.

"Leo mmepitisha mbili?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Moja tu. Ile ya rangi ya maziwa, ya shule."

"Mwanangu, mimi nina macho. Hiki ni maziwa. Hiki kingine ni maziwa yaliyolala nje, yana ukijani."

Akainuka na kiatu kimoja hakijafungwa. Akatazama. Akavibeba akapanda navyo juu, akashuka navyo tena, akatoka nje kabisa hadi kwenye jua la uwanja wa magari, akarudi. Uso ulikuwa umebadilika.

"Juu ni rangi moja," akasema. "Hapa ni mbili."

Wakati huohuo Bwana Sawa alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Binti akamsimamisha, akamwonyesha. Bwana Sawa hakuhitaji hata kuinama.

"Najua," akasema.

"Unajua, mkuu?"

"Kila aliyesoma kemia mwaka wa kwanza anajua. Ule unga wa rangi tuliokuwa tunatumia uliisha, manunuzi wakaleta mwingine. Kwenye taa unafanana na wa zamani, kwenye jua haufanani. Sasa nani atamwambia Mzee kwamba jicho lake limekosea?"

"Mimi nitamwambia."

"Wewe shika vibao," akasema Bwana Sawa, akapanda ngazi na chai yake.

Nataka hili lieleweke. Yule binti hakugundua kitu ambacho wakubwa hawakukijua. Walikijua wote. Nusu ya watu wa kile kikao wana shahada za mambo hayohayo, zimewekwa kwenye fremu ofisini kwao. Tofauti yake na wao ni kwamba yeye aliona aibu kunyamaza.

Alhamisi iliyofuata akasema. Alikuwa amesimama mbele na vibao vyake, na kabla Mzee hajatamka neno lake akaomba ruhusa mapazia yafunguliwe. Mzee Jicho akawageukia wenzake akauliza, "Tangu lini vibao vinaongea?" Watu wakacheka. Mimi sikuwepo, lakini kicheko kile nilikisikia kutoka huku chini, nikadhani kuna mtu ana siku ya kuzaliwa. Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu. Nikampa maji, nikamwambia apumue. Akanijibu kwamba halii, amekasirika tu, na kwamba watu wamezoea kuchanganya hayo mawili akikasirika mwanamke.

Rangi ikaenda shuleni. Ilikuwa ni shule ambayo jengo lake moja lilipakwa rangi yetu ya zamani, na sasa walikuwa wanaendelea na jengo lililounganishwa nalo. Haikuchukua muda simu yangu ikalia. Nilipoipokea ilibidi niisogeze mbali na sikio. Alikuwa mwalimu mkuu wa ile shule, mama mwenye sauti ya kunyamazisha uwanja mzima.

"Mmenifanya kichekesho! Shule yangu imekuwa kama shati lililoshonwa vitambaa viwili! Wazazi wananiuliza kama hela iliisha katikati!"

Nikampigia Mzee Jicho juu nikamuunganisha. Baada ya hapo kukawa kimya siku kadhaa, ule ukimya wa watu wanaotafuta pa kutupia mzigo. Na mahali pa kutupia palikuwapo, pamevaa koti jeupe la maabara, pana jina la mwaka mmoja.

Bwana Sawa ndiye aliyetumwa. Alimwita binti wakae hapahapa kwenye viti vya wageni, nadhani kwa sababu ofisini kwake angeona haya mbele ya fremu zake. Akaongea kwa upole, kama mtu anayempa mtoto dawa chungu.

"Mdogo wangu, hili jambo ni dogo. Tutasema mwanafunzi alikosea kipimo wakati wa kuchanganya. Mteja ataelewa, wanafunzi hukosea. Wewe utakubali mbele ya kikao, Mzee atakusamehe mbele ya kikao, na alama zako atakupa nzuri kuliko zote alizowahi kumpa mtu. Ameniahidi."

"Na nisipokubali?"

Bwana Sawa akatazama viatu vyake. "Usiniulize hivyo. Unajua."

"Mimi sikukosea kipimo, mkuu."

"Najua hukukosea."

"Basi kwa nini wewe usiende useme hivyo?"

Alivuta tai yake, akasimama, akaniangalia mimi kama vile mimi ndiye niliyeuliza. Na mimi nikamkazia macho hadi akapanda ngazi. Nina hasira na wale wenye roho mbaya, lakini hasira yangu kubwa nimewawekea hawa wenye roho nzuri wanaojua kila kitu na kusema sawa.

Ujinga wao haukuishia hapo. Wakampigia simu mama wa binti, wakamweleza mwanawe ana kiburi, anachezea masomo yake. Kesho yake asubuhi mama akaja. Mwanamke mfupi, mkanda wa kupimia bado uko shingoni, alisahau kuuvua. Nikampa kiti, nikamwita binti ashuke.

"Mwanangu, kubali yaishe," mama akaanza kabla binti hajakaa. "Ni neno tu. Mangapi nimekubali mimi kwa wateja? Nguo imewabana kwa kunenepa kwao, nasema samahani, nilikata vibaya. Unasema, unaendelea na maisha."

"Mama, wewe ulisema ili mteja arudi. Mimi nikisema, nitaanza kazi kwa jina la mtu anayeharibu rangi. Na nikishakubali hili, kila nitakapokwenda nitajijua kwamba mimi ni mtu wa kukubali."

"Na mwaka mzima urudie?"

"Nitarudia."

"Joho lako nimeshaota nalo."

"Najua, mama." Akamshika mkono. "Nitalivaa. Sitalivaa hivi."

Mama akauvuta ule mkanda shingoni, akaukunja polepole kwenye vidole, akauweka mkobani. Mimi nilijitia natafuta kitu kwenye droo, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunisaliti.

"Haya," mama akasema mwishowe. "Basi usilie mbele yao."

Alhamisi ikafika. Kikao kiliitishwa kwa ajili ya kumsikia akikubali, na wakuu wote walifika mapema, jambo ambalo si kawaida yao. Binti aliambiwa aje na vile vibao vya shule, avishike kama siku zote, aeleze alivyokosea. Aliponipita kwenda juu amevikumbatia nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema, "Mama, leo usiondoke hapo mlangoni." Nikamwambia kuondoka sijui.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa na katibu wa kikao. Binti alisimama mbele, vibao mikononi. Mzee Jicho akamwambia aanze. Yeye akageuka, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi na hivyo vibao?" Mzee akauliza.

"Kazi yangu ni kuvishika, mzee. Nimevishika. Kikao kinakuja vilipo vibao."

Na akatoka. Nikasikia hatua zake kwenye ngazi, nyepesi, za haraka, kisha nikasikia kishindo cha viatu vizito nyuma yake, viti vikiburuzwa, watu wakiitana. Kikao kizima kilikuwa kinamfukuza mwanafunzi. Wangefanya nini? Bila vibao hakuna kikao. Akapita mbele yangu, nikamfungulia mlango wa kioo kama ninavyomfungulia mgeni wa heshima, akaenda kusimama katikati ya uwanja wa magari, jua limewaka, mkono wa kulia kibao kimoja, wa kushoto kingine, ameviinua juu ya mabega. Wakuu wakamzunguka wakihema. Wengine nilikuwa sijawahi kuwaona kwenye mwanga wa jua. Mmoja nikagundua anapaka nywele rangi, na si yetu.

Maziwa huku. Ukijani kule. Hata mlinzi aliona kutoka getini.

"Naomba niambiwe," binti akasema. Alisema kwa adabu kabisa. "Hizi rangi ni moja au ni mbili?"

Nikamwona Mzee Jicho akitazama. Aliona. Ninajua aliona, kwa sababu alimeza mate. Kisha akasema, "Moja."

Akamgeukia aliye karibu naye. "Moja," yule akasema. Na mwingine, "Moja." Watu wazima, wana wake na waume na watoto wanaowaamini, wamesimama juani wakiapa kwamba mbili ni moja. Zamu ya Bwana Sawa ilipofika hakusema kitu, akatazama pembeni, na nadhani kwake huo ndio ulikuwa ushujaa.

"Ahsanteni," binti akasema, akavishusha vibao. Hakulia. Alinikabidhi mimi, akaenda kuchukua mkoba wake. Jioni hiyohiyo mwalimu mkuu wa ile shule akaambiwa kwamba mwanafunzi ndiye aliyekosea kipimo, alama zikatumwa chuoni, na zilikuwa za kumzika. Mwalimu wake wa chuo alimwambia kwamba kama mkuu wa idara ya ubora asipozibadilisha mwenyewe kabla matokeo hayajatangazwa, mwaka anaurudia. Mwaka wake wa kazi ukaishia hapo, na hakuna aliyemwandalia hata soda ya kumuaga.

Mimi nikabaki na vibao viwili. Sasa, ukuta wa mapokezi ni himaya yangu. Ndipo tunapotundika rangi zetu ili wageni wazione, na hakuna aliyewahi kushuka kuniuliza natundika nini. Nilipiga misumari miwili pembeni mwa mlango wa kioo, mahali ambapo jua huingia asubuhi hadi jioni, nikavitundika bega kwa bega. Chini yake nikabandika karatasi yenye herufi kubwa: RANGI MOJA. IMEPITA.

Mzee Jicho alivikuta asubuhi yake. Akasimama, akasoma, shingo ikamvimba. Nikamsalimia shikamoo kwa sauti tamu kupita zote nilizonazo. Hakuitikia, akapanda. Nilijua anaweza kunifukuza, na mchana nikapanga vitu vyangu vya droo mkobani. Lakini angenifukuza kwa kosa gani? Kwa kutundika rangi aliyoipitisha? Ili aseme viondolewe ilibidi kwanza aseme kwa nini.

Wageni hawakumpa nafasi ya kupumua. Kila aliyeketi kusubiri aliuliza, "Mama, mbona hizo ni mbili?" Nami nilijibu, "Macho yako tu. Wakubwa wote wamethibitisha." Wakacheka wakidhani ni tangazo la kuchekesha. Madereva wa malori wakaanza kulitumia kama salamu. Mtu akichelewa akisema hakuchelewa, wenzake wanamwambia, "Rangi moja, imepita."

Binti nilikuwa nampigia simu. Alikuwa anamsaidia mama yake kushona vifungo, anatafuta kampuni ya kumpokea mwaka ujao. Siku za kutangaza matokeo zilikuwa zinakaribia. Sauti yake haikuwa na majuto, ila ilikuwa imechoka, na hilo lilinikera kuliko majuto.

Halafu akaja mwalimu mkuu wa ile shule, mzima mzima, na mkoba wake mikononi. Nilimjua kwa sauti kabla hajanitajia shida yake. Nikampigia Mzee Jicho ashuke. Wakati anasubiri, macho yakatua ukutani.

"Hii hapa!" akasema kwa nguvu, akasimama. "Hii ndiyo shule yangu! Jengo la zamani hili, jengo jipya hili! Nani ameandika rangi moja?"

Mzee Jicho alikuwa amefika ngazi ya mwisho. Akataka kurudi, nikamwona, lakini mwalimu mkuu si mtu wa kugeuziwa mgongo.

"Wewe ndiye uliyeniambia mwanafunzi alikosea kipimo?"

"Mama, njoo tuzungumze ofisini," Mzee akasema, kisha akanigeukia kwa sauti ya chini. "Ondoa hivyo vibao."

"Kwa nini, mzee?"

"Nimesema ondoa."

"Nitaondoa. Lakini mgeni ameuliza, na mimi kazi yangu ni kujibu wageni. Nimwambieje? Rangi hizi ni moja au ni mbili?"

Jua lilikuwa limejaa pale ukutani. Mwalimu mkuu alikuwa amekunja mikono. Mlinzi alisogea. Mzee Jicho alitazama vibao, akatazama mlango, akatazama ua langu la plastiki kana kwamba lingemsaidia. Nilimwona mzee aliyechoka, na nilikaribia kumhurumia, lakini nikamkumbuka mama yule akiukunja ule mkanda vidoleni.

"Ni mbili," akasema.

"Samahani, mzee, sijasikia."

"Ni mbili! Ni ile taa ya juu. Taa ndiyo imetukosesha."

Taa. Haya, na iwe taa. Nilikuwa nimeshainua mkono wa simu, na namba ya mwalimu wa chuo nilikuwa nayo kichwani tangu siku ile binti alipoondoka. Nikabonyeza, nikasubiri ilie upande wa pili, nikamnyooshea Mzee.

"Mwambie na huyu," nikasema. "Anza na jina la binti. Kama hulijui, uliza, nitakutajia."

Akaushika mkono wa simu. Akautazama, akanitazama.

"Anaitwa nani?" akauliza.